Allah Humwandaa Kiongozi Mahali Tusipopatazama

  

Ndugu Waislamu, kila imamu anapofariki au kuhama, msikiti huingia katika mtihani. Kamati hukaa, wazee huitwa, na maswali huanza kuulizwa. Huyu ni mtoto wa nani? Kabila lake ni lipi? Amesoma wapi, na cheti chake kiko wapi? Je, ana uwezo, au atakuwa mzigo kwa waumini? Ni nadra sana, katika vikao nilivyohudhuria mimi hapa Kilosa, Kimamba na Mikumi, kumsikia mtu akiuliza swali ambalo kwa haki lingetangulia yote hayo: huyu mtu Allah amekuwa akimfundisha nini miaka yote hii?

Sisemi haya kwa kuwanyooshea wengine kidole. Mimi ni miongoni mwa watu walionufaika na maswali hayo. Nilirejea kutoka masomoni Khartoum nikiwa na shahada ya sharia (mji huo tangu Aprili 2023 umeharibiwa na vita, Allah awafariji watu wake), na sikuulizwa zaidi ya cheti changu. Milango ilifunguka, nikapewa madrasa, nikapewa mimbari, nikawa wa kuulizwa fatwa na watu walionizidi umri mara mbili. Ndipo nikatenda kosa ambalo leo nataka kulisimulia, kwa kuwa kosa la mwalimu likibaki siri huendelea kufanya kazi baada yake.

Katika msikiti mmoja mdogo wa Mikumi, usio mbali na barabara kuu iendayo Iringa, imamu mzee alifariki. Kamati iliniita kutoka Kilosa ili niwashauri juu ya mrithi wake. Nilipanda gari asubuhi, tukapita Ulaya (Ulaya yetu ya wilayani Kilosa, siyo ile ya Wazungu), na adhuhuri nikawa nimeketi mbele ya wazee. Majina yalikuwa mawili. La kwanza ni la mtoto wa marehemu, mfanyabiashara wa mahindi, mtu mwema, aliyetoa mabati ya kuezekea baraza ya msikiti. La pili ni la fundi wa kuziba pancha, mwenye kibanda kando ya barabara, mahali malori yanapolala.

Huyu fundi ni mjukuu wa manamba. Babu yake aliletwa Kimamba enzi za Mwingereza kukata mkonge, na ukoo wao haukupata kuwa na shamba wala kaburi la kujivunia katika nchi hii. Sauti yake ni ya kukwaruza. Kiswahili chake ni cha barabarani. Hana cheti cha madrasa yoyote. Hata hivyo, watu wachache, na wengi wao wakiwa vijana, walilitaja jina lake kwa msisitizo, wakidai kwamba katika msikiti ule hakuna aliyehifadhi Qur'an kumpita yeye.

Mzee mmoja akanigeukia akaniuliza, "Ustadhi, mtu ambaye kucha zake zina oili usiku na mchana, udhu wake unasihi?"

Nilijibu kwamba chochote kinachozuia maji yasifike kwenye ngozi huzuia udhu usitimie. Jibu hilo ni sahihi, nalo limo katika vitabu vyote vya fiqhi. Kisha nikanyamaza. Sikusema sehemu iliyobaki, ambayo pia imo katika vitabu hivyo hivyo, kwamba doa au rangi inayosalia baada ya kuosha, pasipo tabaka lenye kuzuia maji, haina athari yoyote, na kwamba mwenye kazi ya namna ile akijitahidi kujisafisha basi dini haikumwekea uzito. Nilikuwa nikiyajua hayo. Nilisema nusu ya elimu, na nusu ya pili nikaimeza, kwa sababu moyoni mwangu nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba mtu wa jeki na matairi hafai kusimama mbele ya watu. Kikao kikaisha. Mtoto wa marehemu akateuliwa. Yule fundi alikuwa ameketi karibu na mlango. Alisimama, akasema, "Nimesikia, Ustadhi," akavaa ndala zake akarudi kazini.

Ilipita miezi kadhaa. Usiku mmoja nililala Mikumi baada ya darsa. Wanaoijua barabara ile wanaelewa hali yake: inakata mbuga kwa kiasi cha kilomita hamsini, malori ya Zambia, Malawi na Kongo hayakatiki, na ajali si jambo geni. Lori lilipinduka, dereva akafariki. Alikuwa Mwislamu, mtu wa mbali, na ilikubalika kwamba azikwe pale pale. Niliamshwa ili nikasimamie kumwosha.

Naandika hili nikiona haya. Kitabu cha janaza nilikisoma chote kwa Kiarabu, na katika mtihani wake nilipata alama za juu. Lakini mwili uliopondwa na chuma sikuwa nimewahi kuugusa kwa mikono yangu. Nilipofika nilimkuta fundi pancha amekwisha kuchemsha maji. Sanda ilikuwa tayari, na kafuri, vyote akiwa huvihifadhi ndani ya sanduku la bati nyuma ya matairi yake kwa ajili ya wasafiri wasio na jamaa. Alianza kazi kwa utulivu mkubwa, akiusitiri mwili, akiyaepusha macho yake, akiniambia kwa sauti ndogo, "Ustadhi, shika hapa. Taratibu. Hapa tusimwage maji kwa nguvu." Mimi mwenye shahada nilikuwa ndiye msaidizi. Alfajiri, baada ya swala, nilimwuliza ni maiti wangapi amewaosha. Akasema hakuhesabu, kwa kuwa aliona kuhesabu kungemtia majivuno.

Kisha nikamwuliza Qur'an aliisoma wapi, akanieleza. Baba yake alikuwa na kibanda kile kile. Madereva wengi hawapendi kuvuka mbuga usiku, hivyo husimama Mikumi wakangoja kuche. Dereva mmoja wa Tanga alimfundisha herufi akiziandika kwa chaki ubavuni mwa lori. Mwingine, aliyekuwa akipita kila baada ya wiki tatu au nne, alimsikiliza alipofika na kumpa kurasa nyingine. Wa tatu alimwachia msahafu. Huyu akimaliza safari za njia hii anakuja mwingine, na kila mmoja humsikiliza kuanzia pale alipoishia mwenzake. Kwa mwendo huo, miaka zaidi ya ishirini, huku akiziba pancha, amehifadhi juzuu kumi na tisa. Nilimwomba asome. Matamshi yake ya baadhi ya herufi yalihitaji kunyooshwa, hususan dhad, nami sitaficha hilo. Lakini hakukosea neno.

Ndugu msomaji, nilikuwa nimewahi kuisoma habari ya mtu huyu kabla sijazaliwa baba yake, kama inavyosemwa. Nilikuwa nimeisoma katika Sahihi ya Imamu Bukhari, nikaihifadhi na isnadi, na nisiitambue iliposimama mbele yangu ikiwa na spana mkononi. Ni habari ya Amru bin Salama, mtoto wa kabila la Jarmi. Jamaa zake walikaa penye maji, kando ya njia, na misafara ilikuwa ikipita kwao. Wao wenyewe walikuwa bado hawajasilimu, wakingoja waone mambo ya Makka yataishia wapi. Mtoto huyu akawa anawauliza wapita njia habari za yule mtu anayesema kwamba ameletewa wahyi, nao wakimsomea waliyoyasikia. Akayashika yakanata kifuani mwake. Makka ilipofunguliwa, baba yake aliharakisha kwenda kwa Mtume (s.a.w.), akarudi na agizo kwamba awaswalishe yule mwenye Qur'an nyingi zaidi. Wakatazamana. Hakupatikana mwenye nyingi kumshinda yule mtoto, naye alikuwa na umri wa miaka sita au saba. Wakamtanguliza.

Wengi wetu tunapoisimulia hadithi hii huishia hapo, na tunaishia kwenye mas'ala ya kifiqhi, je, mtoto asiyebaleghe anajuzu kuwaswalisha watu wazima au hajuzu, tukagombana mpaka Isha. Lakini hadithi haikuishia hapo. Nguo ya mtoto huyu ilikuwa fupi, na akisujudu ilipanda. Mwanamke mmoja katika mtaa ule akauliza kwa nini hawamsitiri msomaji wao. Wakanunua kitambaa, wakamkatia kanzu, na yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba hakuna kitu kilichomfurahisha kama kanzu ile.

Nimeitafakari sana kanzu hiyo tangu alfajiri ile ya Mikumi. Allah alimfunza mtoto kupitia ndimi za wasafiri ambao yawezekana hata hawakujua wanamfunza kiongozi. Kazi hiyo ilikuwa ya Allah, naye aliikamilisha bila kushauriana na kamati yoyote. Ila kanzu aliiacha kwa watu. Upungufu ulionekana mbele ya macho ya wote, na walikuwa na njia mbili: kumshusha kwa sababu nguo yake ni fupi, au kumshonea. Mimi katika kikao cha Mikumi niliiona nguo fupi, nikaitumia kuwa hoja.

Hili la kuandaliwa mahali pasipotarajiwa Qur'an imelieleza kwa mapana katika kisa cha Nabii Musa (a.s.). Katika Surat Taha, Mwenyezi Mungu anamkumbusha Musa hatua zake moja baada ya nyingine: kutupwa mtoni akiwa mchanga, kuokotwa na adui, kurejeshwa kwa mama yake, kuiua nafsi, kuepushwa na dhiki, kutiwa katika misukosuko, kukaa miaka kwa watu wa Madyan, kisha kufika kwa wakati uliokadiriwa. Baada ya hesabu hiyo ndipo anapomwambia kwamba amemtengeneza kwa ajili Yake. Kitenzi kilichotumika hapo kinatokana na mzizi wa sun'u, ambao ndio unaotupa pia neno la Kiarabu lenye maana ya fundi. Hakusema tu kwamba amemteua. Kuteua hufanyika kwa siku moja. Kutengeneza kunataka muda, moto na nyundo.

Tuangalie nini kilitengenezwa, na wapi. Katika jumba la Firauni Musa aliyajua mambo ya utawala kutoka ndani, jambo ambalo hakuna mtoto wa Bani Israili mwingine aliyelipata, kwa maana wenzake walikuwa wakichinjwa au wakitumikishwa. Kwa kosa la kumpiga yule Mkibti akafa, alijua uzito wa mkono wake mwenyewe na akajifunza kuomba msamaha. Huko Madyan alichunga wanyama kwa muda wa miaka minane au kumi kwa mkataba wa mahari. Mtume wetu (s.a.w.) amebainisha kwamba hakuna Nabii asiyechunga, na alipoulizwa juu ya nafsi yake alikiri kwamba naye aliwachungia watu wa Makka kwa malipo ya kirati. Anayewajua wafugaji wa huku kwetu, wanaokesha na mifugo katika tambarare za Kilosa, anaelewa kazi hiyo inamfundisha mtu nini: kumngoja aliyechechemea, kuhesabu kila jioni, na kutolala kabla ya wanyama wako.

Halafu kuna jambo linalonifurahisha mno katika Suratul Qasas. Mtu wa kwanza kuitambua sifa ya uongozi kwa Musa hakuwa mzee wala mfalme, alikuwa msichana kisimani. Hakumjua ukoo wake. Alichokiona ni mgeni mwenye njaa anayewanyweshea wanyama wao maji bila kudai ujira, kisha akajitenga kivulini. Akamwambia baba yake amwajiri, kwani mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Vigezo viwili tu, na vyote viwili vilionekana katika kazi. Nguvu ni kuweza jambo lenyewe unalopewa, na uaminifu ni kulitenda ilhali hakuna anayekutazama. Baadaye, alipotumwa kwa Firauni, Musa mwenyewe alitaja kasoro zake: ulimi wake ni mzito, kifua chake kinabana, na ameua mtu wao. Allah hakumnyang'anya risala kwa sababu hizo. Alimpa ndugu yake Harun awe msaidizi. Na hiyo nayo ni kanzu.

Nimetaja njia. Kilosa yetu nayo ilikuwa ya njiani kabla ya lami na kabla ya reli. Njia kuu ya misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo ilipita katika nchi hii ya Usagara, ikilifuata bonde la Mto Mkondoa. Stanley aliipita mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watu waliotekwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, walipita hapa wakiwa na minyororo shingoni. Wenyeji walikuwa wakisimama kando na kuwatazama. Nani angedhani kwamba miongoni mwa watoto waliotolewa huko Manyema wakauzwa pwani atatokea mtu ambaye Waarabu waungwana watakaa chini mbele yake wasome?

Lakini alitokea. Yahya bin Abdallah, ambaye historia inamjua kwa jina la Sheikh Ramiya, alizaliwa huko mashariki ya Kongo, akachukuliwa utumwani angali mdogo, akafikishwa Bagamoyo na kuingia katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, Mwomani mwenye mali na cheo. Nyumba ya utumwa ikawa nyumba ya kisomo. Akasoma, akafundisha, akawa mwanachuoni wa kutegemewa katika mji ule na khalifa wa Qadiriyya, na alipofariki mwaka 1931 mwanawe Muhammad alishika nafasi yake. Bagamoyo ya zama hizo ulikuwa mji wa kupimana nasaba. Mtu wa pwani alijivunia Ushirazi wake, Mwarabu Uarabu wake, na "mtu wa bara" lilikuwa neno la dharau. Katika mji huo huo Allah alimwinua mtoto wa Manyema.

Najua wapo wasomaji wa jarida hili watakaonishangaa kumtaja khalifa wa tariqa kwa wema. Harakati yetu ina maneno yake kuhusu tariqa na ziara, tumeyasema na tutayasema, na hoja zetu ni zile zile za Qur'an na Sunna. Lakini insafu nayo ni Sunna. Huyu ni mtu aliyeporwa wazazi, nchi na uhuru, na badala ya kuikinai dini ya waliommiliki aliishika na kuwafundisha watoto wao. Asiyeona mkono wa Allah hapo atauona wapi? Na kwa upande wetu sisi tunaojiita watu wa islahi, tujiulize: katika kamati zetu, ni mjukuu gani wa manamba aliyewahi kupewa hata ukatibu?

Haya yana asili katika zama za Swahaba. Umar bin al-Khattab (r.a.) alimteua Nafi'i bin Abdil-Harith kuwa gavana wa Makka. Wakakutana Usfan, na Umar akamwuliza ni nani amemwacha kuwasimamia watu wa bonde lile. Akasema ni Ibn Abza. Umar hakumjua. Akaambiwa kwamba ni mtumwa aliyeachwa huru. Umar akashangaa: Makureshi wote wale, na umemwachia mtumwa? Nafi'i akamjibu kwamba yeye ni msomaji wa Kitabu cha Allah na mjuzi wa mirathi. Hapo Umar akakumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) alisema Allah huwanyanyua watu kwa Kitabu hiki, na huwateremsha wengine kwacho. Imepokewa na Imamu Muslim. Ona kwamba Umar naye, pamoja na daraja yake, alianza kwa swali la nasaba kama sisi. Tofauti yetu naye ni kwamba yeye alipopewa jibu la elimu alinyamaza.

Na Usama bin Zaid je? Kijana ambaye hajatimiza miaka ishirini au ndiyo kwanza aitimize, mtoto wa mtu aliyewahi kuuzwa, akawekwa kuwa amiri wa jeshi ambalo ndani yake mlikuwa na Umar. Watu walinung'unika, na Mtume (s.a.w.) aliyekuwa katika maradhi yake ya mwisho akawaambia kwamba kama wanauponda uamiri wake, basi waliuponda pia wa baba yake kabla. Habari hii ni mashuhuri, sina haja ya kuirefusha.

Hata hivyo nisifahamike vibaya. Yapo makosa ya upande wa pili, nayo nimeanza kuyaona kwa vijana wetu, ambao wakishawachoka wazee humpandisha mimbari yeyote mwenye sauti kali na asiye na kitu, wakidhani umasikini wenyewe ni sifa. Abu Dharr (r.a.) alikuwa masikini, mkweli, mpenzi wa Mtume (s.a.w.), na alipoomba apewe uongozi aliambiwa waziwazi kwamba yeye ni dhaifu, na kwamba jambo hilo ni amana itakayokuwa hizaya na majuto Siku ya Kiyama ila kwa aliyeichukua kwa haki yake. Ubora wa mtu mbele ya Allah ni jambo moja, na kuandaliwa kwa kazi fulani ni jambo jingine. Kwa hiyo hatutafuti mtu duni ili tuonekane wanyenyekevu. Tunatafuta mtu aliyeandaliwa, kisha tusimkatae kwa sababu ya mahali alipoandaliwa.

Na alama za maandalizi zinaonekana, tukitaka kuziona. Fundi wa Mikumi hakuhitaji miujiza. Ilitosha mjumbe mmoja wa kamati apite kibandani kwake saa tano za usiku akaone nani anamsomea nani. Ilitosha kuuliza nani huwaosha maiti wa barabarani, na sanda inatoka mfukoni kwa nani. Ilitosha mimi nimsikilize akisoma kabla ya kusikiliza habari za kucha zake. Hakuna aliyeuliza, na mimi niliyepelekwa kuuliza nilikuwa wa mwisho kujua.

Lipo pia la sisi walimu. Tumezoea kudhani kwamba elimu ya dini inapita katika mabomba yetu tu: madrasa, chuo, safari ya ng'ambo, cheti chenye muhuri. Cheti ni kitu kizuri, na sitakichana changu. Lakini madereva wale, ambao sisi tunawataja kwenye khutba pale tu tunapozungumzia maovu ya barabarani, walifanya kazi ambayo madrasa yangu yenye wanafunzi sitini haijaifanya: wamemfikisha mtu juzuu ya kumi na tisa bila ada, bila ubao, na bila kukosana. Nimejaribu kuwatafuta niwashukuru. Mmoja amestaafu, mmoja amekwisha kufariki, wengine hata majina yao kamili yeye mwenyewe hayajui. Anawajua kwa rangi za malori.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Mikumi siku ya Ijumaa. Baada ya swala niliomba ruhusa kwa imamu, yule mfanyabiashara wa mahindi, nikasimama nikaisema nusu ya pili ya mas'ala ya oili, mbele ya watu wale wale na kwa maneno ya wazi, nikaeleza pia kwa nini siku ile sikuyasema. Palikuwa na ukimya. Mzee aliyeniuliza swali lile hakunitazama. Imamu ndiye aliyevunja ukimya, Allah amlipe kheri: alisema kwamba yeye ana juzuu moja na nusu, na kwamba kwa muda mrefu amekuwa akiona haya kumtangulia mtu anayeweza kumsahihisha. Kamati imetaka ipewe muda, na sijui itaamua nini. Nimekubaliana na fundi kwamba kila Jumamosi nitakuwa kibandani kwake, tuanze na dhad.

Akina mama wa msikiti ule hawakuingoja kamati. Walichanga siku ile ile, na mmoja wao, mshonaji wa sokoni, akaenda kumpima fundi mabega pale pale penye matairi. Alipoulizwa anapenda kitambaa gani, aliomba kisiwe cheupe.